Wispi za tabaka: spaiki zianze au zimalizie? Na kwa nini zinadondoka kabla ya msingi?

#1 KopeNgamiani

Salaam wana kope.

Hoja yangu ni moja. Kwenye wispi, yaani mtindo wa kope za kubandika wenye ncha ndefu zilizofungwa (spaiki) zinazochomoza kati ya vishada vifupi (msingi), spaiki zibandikwe mwanzo, msingi ufuate. Mafundi wengi hapa Tanga wanajaza msingi kwanza, halafu wanatafuta pa kuchomeka spaiki. Kufikia hapo kope zilizokomaa zimeshabebeshwa vishada vya msingi, kwa hiyo spaiki inaishia kwenye kaukope kachanga kasikojiweza. Wiki haiishi, spaiki zimekwenda, msingi umebaki. Mteja amelipa wispi, anatembea na voliumu ya kawaida, vishada tupu.

Utaratibu kwa jicho la kawaida: safisha, paka praima ya kuondoa mafuta, weka jeli pedi chini ya jicho, chora ramani ya urefu juu ya pedi. Msingi kutoka kona ya ndani ni milimita 8, 9, 10, 11, na kona ya nje 10. Spaiki ni milimita 2 zaidi kwa kila eneo, yaani 10, 11, 12, 13, 12. Weka alama ya spaiki kila milimita 4. Jicho lenye upana wa milimita 28 hadi 30 linabeba spaiki 6 au 7. Bandika spaiki zote za macho mawili kwanza ukilinganisha kulia na kushoto, kisha jaza msingi wa 3D au 4D (nyuzi 3 au 4 kwa kishada), unene wa uzi milimita 0.07, mkunjo (kupinda kwa uzi) C au CC.

Anayepinga aje na sababu, asije na "mimi nilifundishwa hivi".

#2 MpitaNjia_Kange

Natandika jamvi hapa. Sijui chochote kuhusu kope ila nyumbani kuna mtu analala na mto wa shingoni kama yuko ndani ya basi, nataka kujua kwa nini.

#3 RaskazoneLash

Nakubali nusu. Kuanza na spaiki kunakupa uhuru wa kuchagua ukope, hilo halina ubishi. Lakini hujataja safu. Kope za juu hazikuota mstari mmoja, zina safu kama tano au sita zilizobanana, na kwa kazi yetu tunazigawa tatu: ya juu, ya kati, na ya chini iliyo jirani na mboni. Ukisema "tabaka" bila kusema safu, mwanafunzi ataweka spaiki popote kibano kitakapotua, kisha atashangaa mbona nyingine zinaonekana na nyingine zimezama.

Tabaka zinafanywa kwa teipu ya karatasi. Kata kipande chembamba, kama milimita 5, kibandike kwanza juu ya kiganja chako mara mbili tatu ili kipungue ukali. Inua safu ya juu na ya kati pamoja, zilaze nyuma kwenye ngozi ya jicho. Usivute mpaka jicho lifumbuke hata kidogo. Fanya safu ya chini. Achia ya kati, ifanye. Achia ya juu, malizia. Kila unapopanda safu, urefu wa msingi unapungua milimita 1 kwa sababu mizizi ya safu ya juu imeanzia juu zaidi. Ukiweka 11 kila safu, ncha za juu zitapita na ukingo hautakuwa na mpangilio wowote.

Jambo la pili: kona ya ndani usiweke spaiki kabisa kwa milimita 4 za mwanzo. Hiyo 10 yako pale itamchoma mteja kila akicheka.

#4 KopeNgamiani

@RaskazoneLash la kona ya ndani nimekubali, spaiki ianzie pale msingi unapofika 9. Safu ni ya juu. Spaiki ni pambo, na pambo halifichwi chini ya nguo.

#5 BintiMakorora

Hapo ndipo tunapokosana, dada. Juu kwa nani? Mteja akiwa amelala amefumba macho, safu ya juu ndiyo unayoiona wewe na simu yako. Akiinuka akafumbua, kope zinapinda kwenda juu, na anayemtazama usoni anaona tumbo la kope. Safu ya chini ndiyo iko mbele. Spaiki ulizoweka safu ya juu zimekaa nyuma ya msingi wote, zinachungulia ncha tu. Picha za macho yaliyofumbwa zinatoka wispi kali. Mtu huyohuyo akikaa ukumbini kwenye sendofu huoni kitu.

Weka spaiki safu ya chini, uongeze milimita 1 kwenye hesabu yako ili ipate kutokeza. Msingi wa mbele yake uwe mwepesi, 3D basi, vinginevyo utaimeza.

#6 KopeNgamiani

Ukiongeza hiyo milimita 1 umefika 14 kwa mtu mwenye kope zake za 9. Akivaa miwani zinafuta kioo. Na safu ya chini ndiyo yenye kope dhaifu zaidi kwa wengi. Umeutatua mwonekano, umeharibu udumu.

#7 ChumbageniBeauty

Mnazungusha maneno. Spaiki haionekani kwa sababu ni nyembamba. Tengeneza kwa 0.10, nyuzi 5, funga. Hata ukiiweka wapi itaonekana. Uzito siyo tatizo, 0.10 ni mara mbili tu ya 0.05.

#8 MwalimuUsagara

@ChumbageniBeauty hapana. Uzito unakwenda na eneo la uzi ukiukata, na eneo linakwenda na kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. 0.10 ni mara nne ya 0.05, siyo mbili. Chukueni hesabu hii muibandike ukutani:

Uzi mmoja wa 0.15 ni sawa na nyuzi 9 za 0.05, au nyuzi 4 na nusu za 0.07, au nyuzi 25 za 0.03. Kwa hiyo spaiki ya nyuzi 5 za 0.07 imezidi kidogo ukope mmoja wa klasiki (uzi mmoja kwa kila ukope) wa 0.15. Spaiki yako ya nyuzi 5 za 0.10 ni zaidi ya mara mbili ya huo klasiki. Umembebesha ukope mmoja mzigo wa kope mbili.

Hapo bado urefu. Uzi mrefu ni mzito zaidi na pia unavuta kwa mbali zaidi, kwa hiyo mvuto kwenye shina unaongezeka kwa urefu ukizidishwa kwa wenyewe. 13 dhidi ya 11 ni 169 kwa 121, asilimia 40 zaidi kwa unene uleule. Sasa linganisha spaiki ya 5D yenye 13 na kishada cha msingi cha 3D chenye 11, zote 0.07: spaiki inavuta mara 2.3. Haijalishi uliiweka mwanzo au mwisho, hiyo ndiyo itakayotangulia kuinama.

Ukitumia nyuzi 8 za 0.05 unapata weusi wa kutosha, na uzito unabaki chini ya klasiki moja ya 0.15.

#9 MpitaNjia_Kange

Kumbe kope nazo zimekuwa waja leo waondoka leo.

#10 BintiMakorora

😂😂 @MpitaNjia_Kange uko vizuri. Mwalimu nakupa heko, ila nyuzi 8 za 0.05 kuzifunga zikae spaiki safi si mchezo. Zinafumuka njiani.

#11 RaskazoneLash

Hazifumuki ukizichukua vizuri. Kwenye ukanda wa nyuzi, bana shina kwa ncha ya kibano kilichonyooka, siyo kile kilichopinda kama kiatu, kisha zing'oe kwa pembe ndogo ukielekea kwako. Usizitikise, usizifungue. Ziviringishe kidogo kati ya kibano na ukanda ili mashina yabanane. Chovya milimita 1 hadi 1.5 tu kwenye gundi, toa polepole. Ukitoa kwa haraka unatoka na tone zito, na tone kwenye spaiki linakauka taratibu kuliko kwenye kishada kilichofunguka, kwa hiyo jirani wote watanasa.

Ncha ikiwa butu kama brashi ya rangi, changanya urefu: nyuzi 5 za 12 na nyuzi 3 za 13. Hizo 3 zinachomoza milimita 1 na ncha inakuwa kali bila kuongeza chochote.

#12 FundiMabawa

Mmezungumza uzito, mmezungumza safu, mmesahau mshiko. Kishada cha msingi kina shina lililofunguka kidogo, ukikiweka juu ya ukope kinaukumbatia pande mbili. Spaiki ni mti uliofungwa, unaulaza kando ya ukope na mnagusana mstari mmoja mwembamba. Hata uzito ukilingana, spaiki itang'oka kwanza kwa kuwa imeshikwa kidogo.

Dawa yake: acha shina la spaiki lifunguke upana wa nywele, ncha ndiyo ifungwe. Ilete kwa ubavu, iteleze kutoka katikati ya ukope kurudi shinani, simama milimita 0.5 hadi 1 kutoka kwenye ngozi. Shikilia sekunde mbili. Kisha sukuma kidogo kwa kibano: spaiki na ukope wake vitembee pamoja kutoka shinani. Spaiki ikitikisika peke yake haijashika, itoe pale pale.

#13 KopeNgamiani

@FundiMabawa hoja nzuri, na inanisaidia mimi. Kuileta spaiki kwa ubavu unahitaji nafasi ya kibano pande mbili. Nafasi hiyo ipo kabla ya kujaza msingi, baada ya hapo utasukuma nini?

#14 FundiMabawa

Nafasi ipo hata mwisho kama ulitenga kope zako mapema. Unaacha ukope mtupu kila penye alama, unajaza zilizobaki, unarudi. Faida ya kumalizia na spaiki ni kwamba hazipigwi na kibano wakati unajaza. Gundi ya spaiki iliyobandikwa mwanzo ingali laini kwa ndani wakati wewe unapita hapo na kibano mara thelathini kushoto na kulia. Unalegeza mshiko mwenyewe halafu unalaumu ukope mchanga.

#15 Optika_Pwani

Habari zenu. Nasahihisha kwenye #1. Mnasema chagueni ukope uliokomaa kwa spaiki. Ukope una mzunguko: unaota, unasimama, unapumzika, unadondoka, na kila siku mtu anapoteza kope chache bila hata kubandika kitu. Ukope mrefu na mnene kuliko wenzake ndio mara nyingi umemaliza kukua. Ndio ulio jirani na kudondoka. Kwa hiyo mnachagua kwa makini ule utakaoondoka mapema na spaiki yake.

Mchanga nao haufai. Ni mwembamba, na ukiendelea kukua unaisogeza spaiki mbali na ngozi, inapata mzigo mbele na kugeuka upande. Unaofaa ni wa katikati: umefika kama robo tatu ya urefu wa majirani zake na una rangi kamili hadi karibu na ncha.

Na tafadhali, spaiki isizidi ukope wenyewe kwa zaidi ya milimita 3. Kuvutwa kwa muda mrefu kunaua vinyweleo, mwisho mteja anabaki na mapengo yasiyojaa.

#16 ChumbageniBeauty

@Optika_Pwani robo tatu, una rangi kamili... na mteja anasinzia anakoroma. Nani ana muda huo siku mbili kabla ya Idd?

#17 Optika_Pwani

Spaiki ni 7 kwa jicho. Kope 14 tu ndizo unazochagua hivyo.

#18 DonGeDonge

Ninyi nyote mnazunguka mbuyu. Tatizo ni hewa ya Tanga. Gundi ya kope ni sianoakrilati, inakomaa kwa kuvuta unyevu wa hewani. Watengenezaji wengi wanaipimia unyevu wa asilimia 45 hadi 60 na joto la nyuzi 20 hadi 24. Fungua dirisha hapa mwezi wa nne, masika imeshika, kipima unyevu kinasoma 80 na kupanda. Gundi inayoandikwa "sekunde 1" inaanza kuganda ukiwa hujaifikisha kwenye ukope. Unaweka kitu kilichokwisha kujifunga kwa nje. Inaonekana imeshika, kumbe imeegemea tu.

Spaiki inaumia zaidi kwa sababu mkono unachelewa. Kishada cha msingi unakiweka hapohapo, spaiki unaipima, unailinganisha na ya jicho la pili, unaigeuza. Sekunde tatu zimekwisha.

Tumieni gundi ya polepole, sekunde 2 hadi 4, wakati wa mvua. Ya haraka iachieni miezi mikavu au chumba chenye kiyoyozi.

#19 RaskazoneLash

@DonGeDonge umesema kweli ila kiyoyozi si dawa ya moja kwa moja. Ukikiweka nyuzi 17 chumba kinapoa mno, gundi inazubaa, na spaiki inateleza. Kiweke 22 au 23 kwenye hali ya kukausha hewa, washa nusu saa kabla ya mteja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, badilisha tone mara moja, usiendelee na lile la zamani. Hata umeme ukiwepo, tone ni la dakika 15 hadi 20 basi.

Na jiwe la kuwekea tone la gundi, lile la kijani, liacheni nyumbani masika. Linapoa, umande unatua juu yake, unachovya gundi ndani ya maji. Tumia stika au kikombe kidogo cha plastiki.

#20 TangaSisi

Gundi ikishafunguliwa nihifadhi kwenye friji? Mwenye duka aliniambia friji na mchele ndani ya kopo.

#21 DonGeDonge

Kabla ya kufunguliwa, friji sawa. Ikishafunguliwa hapana. Kila ukiitoa kwenye baridi ukaifungua kwenye joto letu, umande unaingia chupani. Iweke wima, kopo linaloziba hewa, na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya, mahali penye giza na ubaridi wa kawaida. Mchele unavuta unyevu kidogo sana, utapikika haraka kuliko kusaidia. Tikisa chupa nusu dakika hadi dakika nzima kabla ya kila tone, maana rangi nyeusi inatuama chini. Futa mdomo wa chupa kabla ya kufunga. Andika tarehe uliyofungua, baada ya wiki 4 hadi 6 itupe hata kama imejaa.

#22 MpitaNjia_Kange

Samahani kwa kuingilia, hii si ndiyo ileile ya kuunganishia kandambili? Nasikia iligunduliwa vita ya Vietnam kwa ajili ya majeraha.

#23 MwalimuUsagara

Ukoo mmoja, ndiyo. Vietnam siyo ilipoanzia. Harry Coover wa Kodak huko Marekani alikutana nayo 1942 akitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki, akaiacha kwa kuwa inanasa kila kitu. Ikaingia sokoni 1958. Vietnam ilitumika ya kupuliza kuzuia damu. Usije ukaweka ya kandambili karibu na jicho la mtu, haikutengenezwa wala kupimwa kwa hapo.

#24 BintiPongwe

Dada zangu, swali la kazi. Wateja wengi wanaswali. Tunawaambia wasiguse maji saa 24, na mtu amebandikwa saa nane mchana, alasiri hiyo hapo, magharibi, isha. Mnawajibu nini?

#25 KopeNgamiani

Saa 24 ni sheria, wapange kubandika baada ya isha au siku ambazo hawaswali.

#26 DonGeDonge

Sheria ya nani? Gundi yenyewe inakomaa kwa unyevu. Kwa hewa ya asilimia 75 safu ya nje imemaliza kabla mteja hajavaa viatu. Feni ndogo ya mkono dakika 3, halafu kipulizia mvuke laini umbali wa sentimita 25 hivi, sekunde chache tu, macho yamefumbwa. Baada ya saa tatu nne anatawadha bila wasiwasi, mradi asisugue.

#27 FundiMabawa

Kwa vishada vya msingi nakubali. Kwa spaiki sikubali. Shina la spaiki lina gundi nyingi iliyofichwa katikati ya nyuzi 8, ndani haijakomaa wakati nje imekauka. Ukiimwagia maji ghafla inaganda kwa mshtuko, unaona weupe kama chumvi kwenye shina, na iliyoganda hivyo ni kavu inavunjika. Nyingi zinazodondoka siku ya tatu zina huo weupe. Mwangalieni mteja akirudi, spaiki iliyotoka pamoja na ukope wake ilidondoka kwa mzunguko wa kawaida. Iliyotoka peke yake na shina jeupe ni maji au unyevu.

#28 Optika_Pwani

Kipimo hicho cha #27 kinasaidia kweli. Ongeza cha tatu: ikitoka peke yake shina likiwa jeusi, safi na linalong'aa, ukope ulikuwa na mafuta au praima haikukauka.

#29 TangaSisi

Na maji ya udhu yanafika kwenye ukope wenyewe au gundi inazuia?

#30 BintiMakorora

La kisharia muulizeni sheikh wenu, hapa tuna uwezo wa gundi tu. Na mteja aulize kabla ya kulala kitandani, siyo akiwa ameshakaa wiki.

#31 ChumbageniBeauty

Mnayasema ya maji, mbona ya jiko hamyasemi? Nyuzi hizi ni plastiki. Mteja anayeinamia jiko la mkaa kugeuza vitumbua, ncha zinajikunja na kunyooka hovyo. Spaiki ndiyo ndefu, ndiyo inayofika kwenye moto kwanza. Siku ya pili anasema zimedondoka, ukitazama zipo zote, zimepoteza mkunjo tu zikazama kwenye msingi.

#32 KopeNgamiani

@ChumbageniBeauty leo umesema neno.

#33 RaskazoneLash

Hilo la kuzama linaniletea la mkunjo. Wengi wanaweka msingi CC na spaiki D, iliyopinda zaidi, wakidhani zitasimama zaidi. Mkunjo D unageuza ncha kurudi kwenye ngozi, 13 ya D kwa macho ya mtazamaji ni kama 12 ya C. Umelipa uzito, hukupata urefu. Spaiki iwe mkunjo uleule wa msingi au ushuke mmoja: msingi CC, spaiki C. Inatokea mbele badala ya kupanda juu.

#34 BintiMakorora

Sikubaliani kwa macho yenye ngozi iliyoshuka. Spaiki ya C pale inagonga ngozi na kuinama. Kwa hao weka mkunjo L au M, shina limenyooka kwanza kisha linapanda, inatoka nje ya ngozi. Ila L inataka ukope ulionyooka, shina lake lina sehemu bapa. Kwenye ukope uliopinda haikai.

#35 TangaSisi

Asante nyote. Kuna mteja ngozi ya jicho imevimba kesho yake baada ya kubandikwa, inawasha. Ni moshi wa gundi au mzio?

#36 Optika_Pwani

Moshi: jicho lenyewe linakuwa jekundu, mara nyingi kwa sababu halikufumba vizuri au pedi iligusa ukingo wa ndani, linaanza palepale na kupoa ndani ya siku moja au mbili. Mzio: ngozi inavimba na kuwasha, mara nyingi saa kadhaa hadi siku mbili baadaye, na kila akirudia unazidi. Unachoeleza kinaelekea mzio. Zitolewe kwa rimuva (kiondoa gundi) ya krimu, siyo ya maji inayotiririka machoni, wala zisivutwe. Asibandikwe tena kwa gundi ya jamii hiyo, na "gundi ya wenye mzio" nyingi bado ni jamii ileile. Kukiwa na maumivu, usaha au kuona ukungu, aende kitengo cha macho hospitali ya Bombo leo, asisubiri. Mteja mpya mbandikeni kope chache za kumjaribu siku moja au mbili kabla.

#37 DonGeDonge

Na mnunue gundi yenye anuani ya mtengenezaji na tarehe, siyo chupa tupu ya stika. Angalieni kama imesajiliwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa.

#38 MwalimuUsagara

TFDA haipo tangu 2019. Dawa na vifaa tiba vimebaki TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), vipodozi vilihamia TBS (shirika la viwango).

#39 KopeNgamiani

Turudi kwenye mada. Napendekeza jaribio: mteja mmoja, jicho la kulia spaiki mwanzo, kushoto spaiki mwisho, gundi moja, nyuzi 8 za 0.05, safu moja, alama zilezile. Hesabuni siku ya 14.

#40 FundiMabawa

Wengi wanalalia upande mmoja. Jicho la upande huo litapoteza zaidi hata ungebandika kwa saruji. Wanne angalau, wawili ugeuze.

#41 BintiMakorora

Na picha zipigwe macho yamefumbuliwa, ametazama mbele. Za kufumba sitazihesabu.

#42 RaskazoneLash

Kwenye marekebisho ya wiki ya pili je, spaiki zilizobaki mnazitoa au mnaziacha? Zikiachwa zimeshasogea mbele milimita kadhaa na ramani imevurugika.

#43 FundiMabawa

Iliyosogea zaidi ya milimita 2 kutoka kwenye ngozi itoe kwa rimuva, hiyo pekee. Paka kwa kibrashi kidogo, ngoja dakika 2 au 3, iteleze, futa kwa praima mara mbili kabla ya kuweka mpya. Rimuva ikibaki kidogo, spaiki mpya haimalizi siku.

#44 TangaSisi

Kipima unyevu mnanunua wapi hapa mjini? Duka la vipodozi wananitazama tu.

#45 DonGeDonge

Nenda kwa wanaouza mashine za kutotolesha vifaranga. Waambie unataka kile kidogo chenye joto na unyevu pamoja.

#46 MpitaNjia_Kange

Na ukifika usiseme ni cha kope, watakuuzia na trei ya mayai.